Kasha la marehemu sheikh: sanduku moja, wenyewe wanne

Kabla ya kasha

Kituo chetu cha nyaraka kina vyumba viwili, orofani mwa jengo la kale, katika mji wa mwambao wa Kenya ambao sitautaja. Wakati wa kisa hiki tulikuwa waajiriwa wawili, mimi na mwenzangu nitakayemwita Bi. S, pamoja na vijana watatu wa kujitolea waliokuwa wakija alasiri. Tunahifadhi barua za familia, picha, na maandishi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Majina ya wahusika nimeyaondoa, na mambo machache yasiyogusa kiini nimeyageuza ili watu wasitambulikane.

Sera yetu ya ukusanyaji ilikuwa ukurasa mmoja. Waliotutangulia waliandika kwamba kituo "kitapokea kila kitu chenye umuhimu wa kihistoria kwa watu wa mwambao". Ukiisoma umekaa ofisini ni sentensi nzuri. Ukiisoma siku ambayo mtu amesimama mlangoni na gunia, utaona haina mahali pa kusemea hapana.

Marehemu mwenyewe alikuwa mwalimu wa madrasa kwa miaka mingi. Katika ujana wake aliwahi kuwa karani wa kadhi, na baadaye alipewa kibali cha kuandikisha ndoa. Alikuwa mtu wa kuaminiwa, aina ya mzee ambaye mtu akisafiri humwachia funguo. Kuaminiwa huko, ambako sisi tulikuchukua kama sifa ya kawaida ya msiba, ndiko kulikotuingiza matatani baadaye.

Siku kasha lilipofika

Lilikuja kwa mkokoteni, masika yameanza, marehemu hajatimiza hata arubaini. Kasha la mbao lenye misumari ya shaba, magunia mawili, na maboksi manne ya sabuni yaliyofungwa kwa kamba. Mwana mkubwa wa marehemu, Bwana M, alikuwa akitembea nyuma yake ameshika mwavuli juu ya kasha, yeye mwenyewe ananyeshewa.

"Nyumba inavuja, ndugu yangu," akaniambia. "Wekeni tu. Mengine tutazungumza."

Nilijua upande wa pili wa habari. Wanunuzi wa vitu vya kale walikuwa wameshapita pale nyumbani mara mbili. Hao hutaka kasha. Karatasi humwagwa uani. Nimewahi kuokota barua za watu kwenye jaa kwa sababu hiyo, kwa hivyo sikujiuliza mara mbili. Tukawaita vijana, tukapandisha vitu juu, nikamshukuru Bwana M. Nilimpa kahawa, sikumpa karatasi.

Tulilifungulia kasha kwenye veranda. Harufu ya kuvu ilitoka kwanza, kisha mende wawili. Chini kabisa, maji yalikuwa yameingia na karatasi zimegandana. Juu zilikuwa kavu lakini zimetobolewa na dumuzi, matundu madogo yaliyonyooka kutoka jalada la kwanza hadi la mwisho. Ndani, karatasi zilipangwa kwa mabunda, 58 kwa hesabu yangu, kila bunda limefungwa: mengine kwa kamba ya katani, mengine kwa kitambaa cha kanga kuukuu, mengine kwa uzi mweusi.

Hatuna chumba cha karantini. Kitu kibichi chenye kuvu hakiwezi kukaa karibu na rafu nyingine, maana unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi kuvu hustawi, na kwetu wakati wa masika unyevu huwa juu ya hapo usiku na mchana. Tukaamua kufungua mabunda yote siku hiyo hiyo, tuyaanike ndani kwa feni, tuweke karatasi za kunyonya katikati ya kurasa zilizolowa. Yakishakauka tungeyapiga brashi, tuyafunge kwenye nailoni isiyopitisha hewa, halafu tuyaweke kwenye friza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Friza yetu tuliinunua kwa mfanyabiashara wa pweza, na hadi leo ukiinua mfuniko unamkumbuka. Lakini inaua dumuzi pamoja na mayai yake. Kuvu haliui, baridi hulilaza tu, kinacholimaliza nguvu ni ukavu.

Kitaalamu matibabu hayo yalikuwa sawa, na sijapata mtu wa kuyakosoa. Kosa lilikuwa kwenye ndoo. Kijana mmoja alikuwa na mkasi, anakata kamba, vitambaa na nyuzi, anavitupa kwenye ndoo ili mikono yetu ifanye kazi haraka. Nilimwona. Nilikuwa nahesabu mabunda, sikutaka kupoteza hesabu, nikanyamaza. Hakuna aliyepiga picha ya bunda hata moja likiwa limefungwa, na kila mmoja wetu alikuwa na simu mfukoni. Jioni ndoo ilimwagwa.

Yaliyokuwemo

Wiki sita zilizofuata tulichambua. Vitabu vilivyochapishwa vilikuwa zaidi ya 100, vingi vilivyopigwa chapa kwa mawe Bombay na Cairo, fiqhi na nahau na maulidi, vile vile vinavyokutwa katika nyumba nyingi za walimu wa pwani. Kulikuwa na barua, nyingine za Unguja, nyingine za Muscat zilizoandikwa baada ya 1964 na jamaa waliohama baada ya mapinduzi. Kulikuwa na kaseti za darsa za Ramadhani na za harusi. Kulikuwa na karatasi za tiba, za hirizi na za kombe (maandishi yanayooshwa kwa maji na mgonjwa akayanywa), na magunia yote mawili yalijaa kurasa za juzuu zilizochanika, masazo ya miaka mingi ya wanafunzi.

Halafu tukaanza kukutana na vitu ambavyo havikutulia.

Cha kwanza kilikuwa kitabu kilichoandikwa kwa mkono. Karatasi yake, ukiinua dhidi ya dirisha, ilionyesha miezi mitatu michanga iliyopangwa mstari mmoja, alama ya maji ya viwanda vya Italia vilivyouza karatasi mashariki kwa karne kadhaa. Wino mweusi na mwekundu bado umekolea. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote vilivyopita mikononi mwetu mwaka ule, na Bi. S alikuwa ameshatafuta boksi la kukiwekea. Kisha akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti: wakfu kwa ajili ya wanafunzi wa msikiti fulani, hakiuzwi, hakitolewi hiba, wala hakirithiwi. Tukarudi kwenye vitabu vingine na kufungua kila jalada. Tisa vilikuwa na maneno hayo.

Cha pili kilikuwa madaftari mawili makubwa yenye mhuri wa serikali. Moja la ndoa na talaka, jingine la mashauri mbele ya kadhi, mkono wa marehemu alipokuwa karani. Kijana aliyekuwa akinisomea majina ili niandike orodha alinyamaza katikati ya ukurasa. Nilipoinua kichwa alikuwa amelifunga daftari na ameweka kiganja juu yake. "Hili tusiendelee nalo," akasema. Sikumuuliza. Mji wetu ni mdogo na kila mtu ana mama.

Cha tatu kilikuwa hati za mashamba, za enzi ya sheria ya hatimiliki ya 1908, ile iliyowataka watu wa ukanda wa pwani wa maili 10 wathibitishe ardhi yao mbele ya msajili. Majina yaliyomo hayakuwa ya ukoo wa marehemu. Pamoja nazo kulikuwa na wasia na hati za madeni za watu tusiowajua. Hapa nakiri tulifurahi tu. Tuliona utajiri wa historia ya ardhi. Hatukujiuliza karatasi ya shamba la fulani ilikuwa inafanya nini ndani ya kasha la sheikh.

Simu ya Muscat

Mwezi wa tatu nikapigiwa simu. Alikuwa binti wa pili wa marehemu, anaishi Muscat, amesikia kutoka kwa shangazi yake kwamba karatasi za baba "zimepewa kituo". Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja: nani aliwapa?

Marehemu aliacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa sheria ya mirathi kila mmoja wao ana fungu katika kila alichoacha baba, na kasha halikuwa limegawanywa. Bwana M aliweza kutoa lake. La dadake hakuweza. Angekuwa marehemu mwenyewe ametuusia, wasia ungepita kwa asiye mrithi mpaka theluthi ya mali yake, lakini hakuna aliyesikia wasia wa namna hiyo. Kwa hiyo vitu tulivyokuwa tumevisafisha, tumevigandisha na kuvipa namba za muda, havikuwa vyetu, na sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha viko kwetu kwa misingi gani.

Uzi mweusi

Siku chache baadaye eda ya mjane iliisha, miezi minne na siku kumi, na safari yake ya kwanza kutoka nyumbani ilikuwa kuja kwetu. Alipanda ngazi akipumzika kila baada ya vidato vitatu. Tukampa kiti. Alitazama boksi moja baada ya jingine, zote kijivu, zote sawa, akatuuliza:

"Za uzi mweusi mmeziweka wapi, wanangu?"

Bi. S alinitazama. Mjane akaeleza taratibu, kama mtu anayedhani tunalijua tayari. Bunda la katani lilikuwa mambo ya madrasa, la kanga mambo ya nyumbani. La uzi mweusi lilikuwa amana. Watu walimletea mzee hati zao amwekee: anayesafiri, anayegombana na nduguze, mjane anayeogopa shemeji. Miaka yote alikuwa akimwambia mkewe, "Za uzi mweusi si zetu, hata nikifa."

Yeye peke yake ndiye aliyejua. Kwa wiki zote zile alikuwa ameketi nyumbani kwake, mwendo wa robo saa kutoka ofisini, na hakuna aliyekwenda kumuuliza. Mimi sikuweza kumwendea akiwa katika eda, Bi. S angeweza siku yoyote.

Maamuzi, moja baada ya jingine

Hapo tulisimamisha kazi yote. Tuliandika stakabadhi ya muda, tukaitia tarehe ya siku hiyo na si ya siku kasha lilipofika, tukaeleza ndani yake kwamba vitu viliingia miezi mitatu kabla bila maandishi. Bi. S alipendelea turudishe tarehe nyuma ili pasionekane pengo. Nilikataa. Daftari la mapokezi likidanganya mara moja, kila namba iliyo ndani yake itaulizwa.

Vitabu vya wakfu vilikuwa rahisi kuamua na vigumu kuviacha. Havikuwa vya marehemu, havikuwa vya warithi, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kutupa. Tukaiandikia kamati ya msikiti uliotajwa. Walipokuja, mzee mmoja alisema jambo lililotufunga mdomo: kitabu cha wakfu kiliwekwa kisomwe na wanafunzi, na ninyi mnataka kukifungia kwenye boksi. Mwisho walichukua vitatu na kutuachia sita, vikiwa vyao, kwa mkataba wa kuviweka tu, na sharti kwamba mwanafunzi yeyote wa msikiti ule akija kusoma asizuiwe. Kile chenye alama ya miezi mitatu michanga walikichukua. Tulipata picha zake za kidijitali. Naviona kama kipimo cha uaminifu wa kituo, ingawa siku ile nilishinda nimenuna.

Madaftari ya kadhi tuliyafunga kwenye bahasha na kuyatia lakiri. Kwa sheria ya nyaraka za umma, Sura ya 19, kumbukumbu za mahakama ni za umma popote zilipo, hata zikiwa chini ya kitanda cha karani. Tuliiandikia afisi inayohusika. Vijana wawili walitaka tuyapige picha kwanza, "kwa usalama". Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Karatasi hupotea njiani. Lakini mle ndani mna sababu za talaka za wanawake walio hai, wanaopita chini ya dirisha letu kwenda sokoni, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haisemi kwamba umbeya wa mtaa ukishaingizwa kwenye kompyuta huwa historia. Hatukupiga hata ukurasa mmoja.

Karatasi za tiba zilituletea mgogoro na Bwana M. Alitaka zichomwe. "Watu watasema babangu alikuwa mganga," akasema, na nikaona kwamba hilo lilimuumiza kuliko mengine yote. Nilimweleza kwamba maandishi ya kombe yanafundisha mengi kuhusu maradhi na maombi ya watu wa wakati wake, kwamba tungeweza kuyafunga kwa miaka 30. Ndugu zake walimuunga mkono, sote tukakubali, naye akayachukua. Haki ilikuwa yake. Bado naamini tulipoteza kitu pale.

Juzuu zilizochanika hatukuzihitaji, ila karatasi yenye aya haitupwi jaani. Tuliirudishia familia magunia yote mawili, nao wakazizika makaburini kwa adabu inayostahili. Wanaoandika miongozo ya kuondoa vitu visivyohitajika mara nyingi hutaja mashine ya kuchanachana karatasi. Kwetu ukiiwasha mashine hiyo juu ya juzuu, hutapata hiba nyingine mpaka ustaafu.

Katika vitabu vya kuchapishwa tulichagua 19. Kigezo kilikuwa kimoja: je, kuna mkono wa mtu ndani yake? Chapa yenyewe inapatikana kwingine. Lakini pembezoni mwa kitabu kimoja cha fiqhi, marehemu au aliyemtangulia alikuwa akiandika siku mvua ya mwaka ilipoanza, bei ya pishi ya mchele, na jina la kila mtoto aliyezaliwa nyumbani. Ndoa na vifo vimo pia, kwa wino tofauti. Kitabu hicho hakina thamani kwa muuza vitabu, kwa sababu "kimechorwachorwa".

Kaseti za darsa tulizipokea na za harusi tukazirudisha. Zile zilirekodiwa wanawake wakiwa peke yao, na mabinti wote watatu walisema hapana kwa sauti moja. Hapakuwa na la kujadili.

Amana ndizo zilizotutesa. Nyuzi zilikuwa zimekwenda na ndoo. Kilichotuokoa kwa kiasi ni unyevu uleule uliotuharibia: rangi ya uzi ilikuwa imechuja, ikaacha mstari mwembamba mweusi kwenye karatasi ya nje ya baadhi ya mabunda. Bi. S alipitia kila karatasi chini ya taa, akapata mistari 11. Karatasi za nje tulizitambua. Za ndani, zilizokuwa zimechanganyika wakati wa kuanika, tulikisia kwa majina, kwa mikunjo, kwa matundu ya dumuzi. Hili la matundu lilisaidia kuliko tulivyotarajia, kwani mdudu mmoja hutoboa bunda zima, na matundu yakilingana ujue karatasi zilikaa pamoja.

Kisha tukafanya kosa jipya. Tuliomba itangazwe msikitini baada ya Ijumaa kwamba mwenye amana kwa marehemu afike kituoni. Wakaja. Wakaja pia wasiokuwa na amana. Binamu wawili walidai hati moja ya shamba moja, na mmoja akatishia kutushtaki tukimpa mwenzake. Wakili aliyetushauri bila malipo alitushangaa: amana haikuwa kwetu, ilikuwa kwa marehemu, na jukumu la kuirudisha limeangukia wasimamizi wa mirathi yake. Tulizikabidhi zote kwao kwa orodha yenye saini ya kila upande, nakala ikabaki kwa kadhi. Ugomvi wa binamu ukahamia huko, mahali pake.

Matokeo

Hati ya hiba ilitiwa saini miezi 14 baada ya mkokoteni kufika. Warithi wote sita walisaini. Wa Muscat alituma idhini iliyothibitishwa kwa wakili wa huko, kwa sharti kwamba barua za jamaa zake zifungwe miaka 20. Bwana M alikuwa ametaka barua nyingine zifungwe milele na chumba kiitwe kwa jina la baba yake. Milele tulikataa, kwa sababu hatuwezi kulipia rafu ya kitu kisichotakiwa kusomwa na mtu yeyote, wakati wowote. Tukapatana miaka 25. Chumba hatukukiita, tuna viwili tu. Mkusanyo wenyewe una jina la marehemu na aliridhika nalo.

Kwa makadirio, tulibaki na theluthi ya vilivyoingia. Madaftari ya serikali yalichukuliwa mwezi wa saba baada ya barua yetu. Kasha lenyewe lilirudi kwa familia, na wiki iliyofuata nililiona mlangoni mwa duka la vitu vya kale, limepakwa mafuta, linang'aa.

Uchambuzi

Nimekisimulia kisa hiki mara kadhaa kwa wanafunzi, na kila mara huanza kunijibu kwa kanuni za uteuzi. Wanazijua vizuri. Jenkinson, Mwingereza aliyeandika 1922, hakutaka mhifadhi achague chochote. Schellenberg, Mmarekani wa 1956, alitaka achague kwa kupima ushahidi na habari zilizomo. Wote wawili walikuwa wakifikiria makaratasi ya serikali, ambayo mwenyewe anajulikana kabla hujafungua boksi. Swali lao ni: karatasi hii ina thamani gani? Nyumba ya sheikh wa pwani inakulazimisha uulize jingine kwanza: karatasi hii ni ya nani? Ndani ya kasha moja kulikuwa na mali ya warithi, wakfu wa msikiti, kumbukumbu za serikali na amana za watu. Thamani ya kihistoria ya amana ilikuwa kubwa kuliko ya vitu vyote tulivyobaki navyo, na thamani hiyo haikutupa haki hata ya ukurasa mmoja.

Kilichofaa kilikuwa kichache. Kukausha na kugandisha kuliokoa karatasi ambazo zingeoza ndani ya wiki. Kukataa kurudisha tarehe nyuma kulitusaidia pale wakili wa mmoja wa binamu alipotaka kuona daftari letu. Aliona pengo, aliona maelezo ya pengo, akanyamaza. Na kutopiga picha madaftari ya kadhi kulitupatia kitu ambacho hatukukitafuta: kijana yule aliyelifunga daftari bado yuko nasi, na sasa ndiye anayepokea watu mlangoni.

Kilichoharibika kilianza kwenye kizingiti. Nilijiambia kwamba nahifadhi tu kwa muda, uamuzi utakuja baadaye. Haikuwa hivyo. Kitu kikishapanda ngazi, kikitibiwa, kikiwekwa kwenye boksi zako, kila unachofanya ni mapokezi, hata kama daftari halijaandikwa. Bwana M aliwaambia ndugu zake "nimewapa" kwa sababu ndivyo ilivyoonekana. Mimi pia nilikuwa nimeanza kusema "vyetu".

Bi. S ana maoni tofauti, na ni haki niyaandike. Anasema ningesimama mlangoni na fomu, mvua inanyesha, mtu ana msiba, angegeuza mkokoteni kwenda kwa mnunuzi. Huenda. Lakini stakabadhi ya muda tunayotumia sasa ina mistari sita: kimeletwa nini kwa jumla, na nani, kwa niaba ya nani, mwenyewe au warithi ni kina nani, kituo kinaruhusiwa kufanya nini kwa ajili ya usalama wa vitu, na siku gani vitachukuliwa ikiwa hakuna makubaliano. Inajazwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Mstari wa nne peke yake ungenifanya nitaje mabinti siku ile ile.

Kuhusu ndoo, hakuna hoja ya upande wa pili. Namna mtu alivyofunga vitu vyake ni sehemu ya maandishi yake. Siku hizi bunda halifunguliwi kabla ya kupigwa picha pande mbili, na kilichofungia hutiwa kwenye bahasha yake, na namba juu. Vijana huona ni uchoyo wa kamba. Na kabla hatujagusa kitu cha marehemu, mmoja wetu huenda nyumbani. Ikiwa mjane yuko katika eda, huenda Bi. S, na huketi hata siku mbili.

Sera mpya ina kurasa tatu, na nusu yake ni mambo tusiyopokea.

Baada ya yote, karatasi 37 zilibaki mezani. Hazina mstari mweusi, matundu hayalingani na chochote, majina yaliyomo hayajulikani kwa mjane wala kwa warithi. Pengine ni za marehemu. Pengine kuna mtu mahali fulani anayejua kwamba hati ya babu yake iko kwa sheikh, salama. Warithi walikataa kuzijumuisha kwenye hiba, nami nisingezikubali. Zipo rafu ya chini, kwenye boksi lisilo na namba ya mapokezi.